Neno Moja kwenye Fomu ya Mama Chebet

Vijana wa dirisha la leseni, siku mliponiaga kwa chai na keki mliniomba niandike ninayoyakumbuka ya kazi, ili msirudie makosa yetu. Nimekubali, ingawa nadhani mtayarudia tu, maana makosa ya ofisi hayahitaji mwalimu. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, hayo sitayaandika; yamo kwenye mafaili na hayana utamu wowote. Nitaandika habari za dirisha lenyewe, fomu na mihuri, mzee aliyenifundisha kazi, na mama mmoja niliyemkosea. Mama huyo ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Wengi wenu mnanijua kama Bwana Leseni, lakini sikuzaliwa dirishani. Baba yangu alikuja kutoka upande wa ziwa kuchuma majani chai kwenye shamba kubwa, nami nikazaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilipomaliza shule nikawekwa kwenye mizani ya kiwanda, nikapima vikapu vya majani mpaka mvi za kwanza zikatokea. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ofisi ya mji ilitafuta karani mwenye mwandiko mzuri, nikachukuliwa. Lugha nilizokuja nazo zilikuwa Kijaluo cha nyumbani, Kiswahili cha kambi, Kiingereza cha darasani na Kikipsigis cha sokoni, yaani cha kusalimu na kushukuru tu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Arap Sang, karani mkuu wa leseni, mtu mfupi mwenye sweta ya kahawia aliyoivaa hata jua likiwa kali. Alinionyesha mezani trei tatu za mbao. Ya kijani ilikuwa ya biashara za kawaida: maduka, hoteli za chai, vinyozi, mafundi cherehani. Ya manjano ilikuwa ya vitu vya hatari, kama mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia mimea. Ya buluu ilikuwa ya pombe. Akaniambia kwamba faili likiingia trei isiyo yake, mwenyewe atalitafuta mpaka viatu viishe, na hatajua kamwe kwamba aliyelipoteza ni mtu aliyekaa kwenye kiti akinywa chai.

Asubuhi hiyohiyo alinikalisha dirishani. Akaja mzee mmoja kutoka Kabianga, nikamuuliza anataka kuuza nini, naye akasema anauza mapati. Nikaandika chapati. Arap Sang akaichukua fomu, akamsomea yule mzee kwa sauti yale niliyoandika. Mzee akatutazama kwa huruma, akasema hajawahi kupika chapati tangu azaliwe; yeye anauza mapati, yale ya kuezekea nyumba. Watu wote kwenye foleni walicheka, nami nikatamani meza inimeze. Arap Sang hakucheka.

Baadaye alinieleza taratibu. Wengi wa watu wake wa Kipsigis, akasema, B na P kwao ni ndugu, na T na D vilevile, moja huingia nyumba ya mwenzake bila kubisha hodi. Nisiwacheke, kwa sababu nami nilikuwa nimemwamkia asubuhi "sikamoo" badala ya shikamoo naye akaitika vizuri. Kisha akanipa sheria yake pekee.

"Ukimaliza kuandika, msomee mwenyewe," alisema. "Msomee kwa lugha anayosikia, si hii ya fomu. Muhuri ni wa mwisho. Kama hujasoma, usiguse muhuri."

Fomu zilikuwa za Kiingereza, na wengi waliokuja dirishani hawakukisoma. Kwa hiyo kila mara tulikuwa tukiandika kwa lugha moja maneno yaliyosemwa kwa lugha nyingine na mtu anayewaza kwa lugha ya tatu. Nikianza kuhesabu mahali ambapo neno lingeweza kupotea, nashangaa kwamba mji huu una duka hata moja lenye leseni sahihi.

Ninyi mmepata kibali kimoja kinachofanya kazi ya karatasi nyingi, na mnalalamika kwamba ni kigumu. Sisi tulimwambia mtu anayetaka hoteli ndogo atafute kwanza chumba chenye jiko lenye bomba la moshi, choo, na mahali pa kuoshea vyombo, halafu amngoje afisa wa afya aje akikague, naye afisa alikuja pikipiki yake ilipopenda. Kila atakayegusa chakula ilibidi apimwe kinyesi na makohozi hospitalini na apewe cheti cha daktari. Akitaka kuiita hoteli jina la kupendeza badala ya jina lake, jina hilo liandikishwe Nairobi. Kulikuwa na leseni ya afisa wa biashara wa wilaya, kulikuwa na yetu ya mji, na kabla ya hizo ilitakiwa namba ya PIN kutoka ofisi ya kodi. Hiyo ilipoanza ilitusumbua sana. Mzee mmoja tulimwambia arudi na PIN, akarudi baada ya siku mbili na kiberiti, na ndani ya kiberiti mlikuwa na pini ya nguo, mpya, imefungwa kwa karatasi. Alikuwa ametembea mbali kuileta. Arap Sang aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, kisha akampeleka mwenyewe ofisi ya kodi.

Arap Sang alistaafu baada ya miaka michache, miguu ikiwa imevimba. Kiti chake nikakikalia mimi, na kile cha dirishani kikabaki kitupu kwa sababu hakukuwa na wa kukikalia, hivyo dirisha nalo nikalihudumia mimi. Hapo ndipo alipokuja Mama Chebet.

Alikuwa mjane kutoka juu ya Kapkatet. Mumewe alikuwa dereva wa lori la majani chai, na alipofariki, shamba lilibaki mikononi mwa shemeji zake, yeye akiruhusiwa kuchuma kama kibarua kwenye michai aliyoipanda kwa mikono yake. Alichokuwa nacho ni sifa ya kupika. Kila mkutano wa akina mama wa kanisa, ni yeye aliyekuwa jikoni. Alikuwa amepata chumba karibu na soko la mjini, na karatasi nyingine zote alikwisha kuzipata: cheti cha daktari, ripoti ya afisa wa afya, namba ya PIN aliyoiandika ndani ya jalada la Biblia isipotee. Aliniambia kwamba hoteli ile ikifunguka, yeye na binti yake Chebet hawatamwomba tena shemeji ruhusa ya kula. Alilisema hilo bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali.

Ilikuwa siku ya soko, mvua inanyesha, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikamuuliza atauza nini.

"Nitabika chai na mandazi," alisema. "Chapati. Na maziwa bia."

Nikaandika kwa Kiingereza: chai, mandazi, chapati, maziwa, bia. Niliona kitambaa cha kanisa kichwani mwake. Nilikiona vizuri, na nikawaza kwamba hata wacha Mungu wana midomo ya kulisha. Nililiona wazo hilo kuwa la busara. Sikumsomea. Niligonga muhuri, nikaliweka faili kwenye trei ya buluu, nikaita anayefuata.

Msomaji wa mbali labda hajaelewa, kwa hiyo niseme wazi. Mama yule alisema atauza chai, na maziwa vilevile. Neno alilolitumia ni lile fupi ambalo kila mtu hulitumia, lenye P mwanzoni, na kwa ulimi wake P ilitoka B. Tangu siku nilipofahamu hivyo, neno hilo limekuwa zito mkononi mwangu. Mkitazama mtaona kwamba katika kurasa hizi sijaliandika.

Leseni ya chai ilitoka kwa wiki mbili. Ya pombe ilikuwa safari nyingine kabisa. Faili lilikwenda kwa mkuu wa wilaya kungoja mahakama ya leseni za pombe, ambayo ilikaa mara chache mno kwa mwaka, na kabla haijakaa, majina ya waombaji yalibandikwa kwenye ubao nje ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mama Chebet hakuyajua hayo. Alikuja dirishani kila wiki akiuliza leseni yake, akiwa na mwavuli uliovunjika mfupa mmoja, nami nikamjibu kwamba faili halijarudi. Lilikuwa jibu la kweli. Sikwenda kulitafuta.

Mwezi ukapita, na wa pili. Kisha mzee wa kanisa lao akaja mjini kwa shauri la shamba, akasimama mbele ya ule ubao akingoja kuitwa, akasoma majina ili kupitisha wakati. Jumapili iliyofuata Mama Chebet alisimamishwa mbele ya watu wote. Alisema hajaomba pombe. Walimwambia jina lake limeandikwa na serikali. Akatengwa na Meza ya Bwana, akaondolewa kwenye uongozi wa akina mama, akaonyeshwa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Kesho yake alikuwa dirishani kabla sijafungua. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja.

"Bwana karani, mimi niliomba nini?"

Nilimwambia angoje, nikalifuata faili kwa mkuu wa wilaya, nikalifungua nikiwa nimesimama kwenye varanda. Niliuona mwandiko wangu mzuri. Nikalirudia neno lile mdomoni kama alivyolisema, mara moja, mara mbili, na nikamsikia yule mzee wa mapati.

Sasa naandika sehemu ambayo ni aibu. Niliogopa. Ilikuwa miaka ile ya mapigano ya kikabila. Upande wa Chepilat, mpakani, watu walikuwa wamehama na vitanda vichwani, na hapa mjini kulikuwa na wanaouliza kwa sauti kwa nini mtu wa ziwa anakalia kiti cha mwenyeji. Niliona jinsi ingesemwa: huyu hata hatusikii tukizungumza. Nilikuwa na watoto shuleni, na sikuwa na kwingine pa kuita kwetu, kwa maana hata kaburi la baba yangu liko kambini. Hiyo ni sababu. Si udhuru, lakini ndiyo sababu.

Nikalikata neno kwa mstari mmoja, nikatia sahihi ndogo pembeni, nikalirudisha faili trei ya kijani. Jina likaondolewa ubaoni siku hiyo. Nikamwambia Mama Chebet kwamba kulikuwa na mchanganyiko kidogo wa karatasi na kwamba leseni yake itatoka. Mchanganyiko wa karatasi: neno zuri la ofisi, halina mtu ndani yake.

Alishukuru. "Kongoi," akasema, kisha akaomba jambo jingine. Alitaka barua. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia kwamba jina kuondolewa ubaoni ni ushahidi zaidi, kwamba ameona aibu akaliondoa mwenyewe. Barua yenye muhuri wa ofisi, inayosema kwamba hakuomba pombe wakati wowote, ingetosha. Ingekuwa mistari mitatu. Lakini barua hiyo ilipaswa kueleza nani basi aliyeliandika lile neno, na kupita mikononi mwa wakubwa wangu. Nikamwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi nikamwambia anayetia sahihi yuko safarini. Mara ya tatu nikamwambia inachapwa. Mara ya nne hakuja.

Hoteli aliifungua. Sikuwahi kuingia, ila nilipita mbele yake kila jioni nikienda nyumbani. Watu wa kanisa, ambao ndio waliojua upishi wake na ndio aliokuwa amewategemea, hawakukanyaga. Waliokanyaga ni walevi wa sokoni waliosikia habari, wakaagiza ya baridi huku wakikonyezana, na akiwaletea chai wanacheka. Hoteli ikapata jina ambalo halikuandikishwa Nairobi: Kwa Mama Bia. Nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari wa ofisi yetu, nikacheka naye, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Kicheko hicho kinaniuma kuliko yote.

Sheria ilisema biashara ikifungwa leseni irudishwe. Watu wengi hawarudishi, huifungia sukari. Mama Chebet alirudisha. Aliipitisha chini ya wavu wa dirisha, safi, imekunjwa mara moja tu, na akasubiri niigonge muhuri wa kufungwa kama inavyotakiwa. Nikaigonga. Tulitazamana. Ilikuwa nafasi ya kusema, na foleni ilikuwa fupi, na hakukuwa na mvua. Nikamtakia safari njema.

Mwaka huohuo nilikwenda kumwona Arap Sang, akiwa hawezi tena kutoka kitandani. Nilimweleza yote, kwa sababu yeye tu ndiye angeelewa ukubwa wake. Alisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Ulimsomea?" akauliza.

Nikasema sikumsomea. Kisha akasema barua haiozi, bado inaweza kuandikwa, na akaomba maji. Hatukuongea tena habari hiyo. Tulimzika kabla ya mvua za masika.

Baada ya hapo nikawa yule mtu mnayemjua, wa kusoma kila fomu kwa sauti mara mbili. Mlininung'unikia, najua, mlisema dirisha la mzee halisogei. Mtu alisema duka, nikamuuliza duka la nini, nikamsomea, nikamwambia anirudishie maneno. Wengi walidhani masikio yangu yamekufa. Niliwaacha wadhani hivyo. Nilimsomea kila mtu isipokuwa mmoja, na sikupata usingizi mzuri wowote kwa kuwasomea wale wengine.

Barua niliiandika wiki ya kwanza ya kustaafu, mezani kwangu, kwa mkono. Mnaweza kusema nilingoja mpaka hakuna wa kunifukuza, na mtakuwa mmesema kweli. Niliandika kwamba mimi, karani, ndiye niliyelitia neno lile, kwamba mwombaji hakulisema, kwamba niliona kosa nikalificha. Nikatia sahihi kubwa, si ile ndogo ya pembeni. Nikaenda Kapkatet, nikaulizia njia sokoni, nikaelekezwa juu kilimani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akianua nguo. Amezeeka, na bado anachuma kwenye michai ya shemeji. Chebet ameolewa mbali. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Bwana karani," alinisalimu. "Chamgei. Ingia ndani, kuna baridi."

Alinipikia chai. Ilikuwa ya maziwa mengi na moshi kidogo, na mandazi ya moto kando yake, na ndipo nilipojua ni kitu gani mji wetu ulikosa. Nilishindwa kuimaliza. Nikatoa barua, na kwa kuwa niliiandika kwa Kiswahili, nikamsomea neno kwa neno, taratibu, kama nilivyopaswa kufanya siku ile ya mvua. Nikamaliza. Nikamwambia nitakwenda kuisoma kanisani Jumapili, mbele ya watu wote, kama walivyomsimamisha yeye.

Alitikisa kichwa. Yule mzee wa kanisa alikwisha kufariki, akasema, na waliokuwa wakubwa siku zile wengi wamelala. Vijana wa sasa hawajui kwa nini yeye hukaa benchi la nyuma. Wanadhani anapenda kuwa karibu na mlango. Nikisoma, ndipo watakapojua. Aliichukua barua, akaikunja mara moja, akaiweka kwenye Biblia, upande ule wa jalada alipoandika namba ya PIN. Nilipoinama nikaiona namba bado ipo, wino umepauka.

Nilimwambia lililokuwa moyoni, kwamba neno lile nimelibeba miaka yote hii, na halijapungua uzito hata siku moja.

Alikuwa akikusanya vikombe. Alisimama navyo mkononi, akanitazama bila hasira.

"Na mimi bia," alisema.

Safari hii nilimsikia sawasawa.